Muulize Mwalimu: Wachawi wa Usiku na ndege ya mahindi

Mwezi jana niligusia, kwa mistari miwili tu, riwaya moja ya vijana niliyoiokota soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, juu ya gunia la mitumba, kwa shilingi 150. Jalada halikuwapo na kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofolewa, kwa hivyo jina la kitabu msiniulize. Ndani yake mna wasichana marubani wanaopigana vita kwa uchawi. Nilitarajia maswali ya ngeli kama kawaida. Badala yake mmeniletea marubani tele. Nimechagua barua nne, ngeli zitasubiri.

Mwalimu, niko kidato cha tatu, naishi Manyatta, Kisumu. Naandika hadithi ya wasichana watatu wanaorusha ndege vitani usiku na kutumia uchawi. Mwalimu wetu mmoja aliisoma akacheka, akasema hakuna jeshi lililowahi kutuma wanawake kudondosha mabomu. Je, niwageuze wavulana? Na huo uchawi niufanyeje usionekane wa kitoto?

Mwanangu, usimgeuze hata mmoja. Mwambie mwalimu wako, kwa adabu, ukiwa umesimama wima, habari za kikosi nambari 588.

Oktoba 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wakiwa wanaukaribia mji wa Moscow, serikali ya Kisovieti iliamuru viundwe vikosi vitatu vya anga vya wanawake. Aliyevipigania ni Marina Raskova, mwongoza njia wa ndege ambaye tayari alikuwa maarufu nchini kwake. Mwaka 1938, katika safari ndefu ya kuelekea mashariki ya mbali, mafuta yalikuwa yakiisha, naye alikuwa amekaa kwenye pua ya ndege, mahali ambapo kutua vibaya kungemponda. Akaruka kwa parashuti. Alitembea siku 10 msituni, na chokoleti kidogo mfukoni, mpaka akaikuta ndege yake na wenzake. Ukiandika hivyo katika insha mwalimu atakukosoa kwamba umetia chumvi. Ilitokea.

Kikosi cha kwanza kilipewa ndege za kupambana na ndege nyingine, cha pili ndege za kisasa za mabomu. Cha tatu, yaani 588, kilipewa kazi ya mabomu ya usiku na ndege ambayo hakuna mwanamume aliyeigombania: Polikarpov Po-2. Mbao na turubai. Viti viwili, vyote wazi, upepo wa baridi kali unakupiga usoni. Ilibuniwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wanafunzi, na wengine waliitumia kunyunyizia mashamba dawa. Warusi waliipa jina la utani kutokana na neno lao la mahindi. Ndege ya mahindi! Nilicheka peke yangu jikoni niliposoma hivyo. Mtu wa Kitale angeipenda papo hapo. Wajerumani nao waliiita cherehani, kwa sababu ya mlio wake. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 150 kwa saa, mwendo ambao matatu fulani za barabara ya Kakamega huutamani kila asubuhi.

Kuanzia kamanda wao, Yevdokia Bershanskaya, hadi fundi wa kukaza nati na msichana wa kubeba bomu kwa mikono na kulifunga chini ya bawa, wote walikuwa wanawake. Wengi walikuwa na umri wa miaka 17 hadi 26. Wadogo ni wa umri wako, wakubwa ni wa umri wa dada yako mkubwa.

Sasa sikiliza namna walivyofanya kazi, maana hapa ndipo uchawi wako utakapoota. Ndege ikikaribia shabaha, rubani hupunguza injini mpaka inakoroma kwa mbali tu, kisha anateleza hewani kama mwewe anayeshuka bila kupiga mbawa. Askari aliye chini hasikii kitu. Halafu anasikia upepo ukipita kwenye nyaya za mabawa, fyuuu, na bomu limeshaanguka. Wajerumani walisema mlio ule ni wa ufagio ambao wachawi wa hadithi za kwao hurukia. Wakawaita *Nachthexen*, Wachawi wa Usiku. Tena marubani walienda watatu watatu: wawili wanajipeleka makusudi kwenye taa kubwa za kumulika anga, wanayumba huku na huku, mizinga inawafuata wao; wa tatu anapita gizani na kuachia mzigo. Kisha wanabadilishana zamu.

Umeona? Hapakuwa na hirizi. Aliyeliita jambo lile uchawi ni yule aliyekuwa akipigwa. Kwa wasichana wenyewe ilikuwa hesabu: kimo, upepo, dakika. Ndiyo maana nakusihi usiutie uchawi pale ambapo hesabu inatosha. Mhusika wako akiweza kuipunguza injini na kuteleza, mwache ateleze. Uchawi uanze mahali hesabu inapokwama: ukungu umefunika uwanja, mwenzake ameumia kiti cha nyuma, mafuta ya dakika nne.

La pili, nguvu iwe na tundu. Ndege ile ilikuwa na siri moja ninayoipenda. Ilikuwa polepole mno hata ndege ya kivita ya Wajerumani, Messerschmitt 109, ikijaribu kwenda mwendo wake ingeporomoka. Kwa hiyo rubani wa Kijerumani alipaswa kupita kwa kasi, apige akiwahi, azunguke mbali, arudi atafute tena. Unyonge wa Po-2 ndio uliokuwa ngao yake. Igeuze sasa upande wa pili, kwa hadithi uliyolelewa nayo. Luanda Magere wa Kano, mwili wake jiwe, mikuki ya Wanandi inadunda. Nguvu zake zilikaa wapi? Kivulini. Mke aliyeletwa kutoka kwa adui alipomchanja dawa akaona mwili hautoki damu, akachanja kivuli, damu ikatoka. Hadithi nzima imejengwa juu ya tundu moja dogo. Wasichana wako watatu tundu lao liko wapi, na nani analijua? Kama huwezi kunijibu kwa sentensi moja, basi huo bado ni mchezo wa karata.

La tatu ni gharama, na hapa usimwonee msomaji huruma. Mpaka mwaka 1944 wanawake wale hawakuruka na parashuti. Walirudi uwanjani, wakapakiwa mabomu mengine, wakaondoka tena, mara nane, mara kumi. Nadezhda Popova, mmoja wa marubani hao, alisema kuna usiku mmoja aliruka mara 18. Kikosi kiliruka zaidi ya mara 23,000 katika vita vizima. Na usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1943, adui alizima mizinga yake na kutuma ndege za kuwinda gizani. Ndege nne ziliungua moja baada ya nyingine, wanawake wanane, na waliokuwa nyuma katika foleni ile waliona wenzao wakiwaka mbele yao, wakaendelea kwa sababu zamu yao ilikuwa imefika. Andika usiku kama huo. Uchawi unaomwokoa kila mtu utakuharibia kurasa zote zilizotangulia.

Sasa neno lenyewe, kwa kuwa unaandika Kiswahili na unaishi Manyatta. Kiswahili hakikosi maneno. Kuna mchawi, na huyu hadhuru kwa bahati mbaya. Kuna mganga. Kuna mazingaombwe, mambo ya kutoa njiwa kofiani. Na kuna mwanga, wingi wake wanga: mtu anayetoka uchi usiku wa manane kuzunguka nyumba za watu. Sisi Waluo tunamwita jajuok, naye kazi yake kubwa ni kukimbia, kurusha mchanga juu ya mabati na kukunyima usingizi. Mwanga huyu na mwanga wa taa ni maneno yanayofanana herufi kwa herufi. Rubani wa usiku anayeitwa mwanga, anayetafuta mwanga wa kumrudisha nyumbani: Kiswahili kimekutengea zawadi hiyo bure, sijui kwa nini hakuna aliyeichukua. Ila usiite kitabu chako *Wanga*. Wanga ni jina la kabila pia: watu wa Mumias, wajukuu wa mfalme wao Nabongo, watakuja juu, na watakuwa na haki.

Na mahali? Ni juu yako, lakini naona umewapeleka wasichana wako katika nchi yenye theluji ambayo hujaigusa. Umesahau unakaa wapi. Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua juu ya maji hapahapa Kisumu, zikitoka kaskazini na kuelekea kusini. Nenda Dunga usiku usio na mwezi, uone taa za wavuvi wa omena. Unaweza kuapa kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Waulize wavuvi habari za upepo: alfajiri upepo wa nchi kavu unawasukuma nje, alasiri upepo wa ziwa unawarudisha. Babu yangu alipelekwa Burma na jeshi la Keya, yaani King's African Rifles la Waingereza, na alichotusimulia zaidi si bunduki, ni ndege zilizodondosha chakula kwa parashuti katika bonde la mvua na malaria. Alirudi Kano na kipande cha kitambaa cha parashuti. Bibi alikishona gauni la ubatizo, na nimeambiwa watoto sita walibatizwa nalo, mimi nikiwa wa tano. Hapo pana ndege, vita, wanawake na kitambaa kilichoshuka kutoka mbinguni. Sijaona riwaya yake.

Mwalimu, mimi ni mzee wa kanisa hapa Lanet, Nakuru. Binti yangu wa miaka 15 nimemkuta na kitabu cha aina hiyo uliyoisifu, wasichana wachawi katika ndege. Nimekinyang'anya. Mke wangu anasema nimezidi. Nikichome au nikirudishe?

Mzee, usikichome. Umekinunua wewe, hata kama pesa ilipitia mkononi mwa binti.

Nami ni mtu wa kanisa; Jumamosi hamtaniona sokoni. Kanisani kwetu wapo wanaohesabu riwaya yoyote kuwa dhambi, hata ya mbuni na sungura, kwa hiyo wasiwasi wako naujua kwa jina. Lakini nikueleze ninaogopa nini zaidi ya kitabu.

Nilipokuwa mdogo Kano, palikuwa na mama mmoja mzee aliyeishi peke yake karibu na mto. Macho yake yalikuwa mekundu. Sisi watoto tulijua kabisa kwamba ni jajuok, na tulipomwona njiani tulikimbia, tukarusha mawe tukiwa mbali. Nilikuwa mwalimu wa miaka mitatu tayari nilipoingia kwa mara ya kwanza katika jiko la nyumba kama yake: paa chini, hakuna dirisha, kuni mbichi. Nilitoka nikiwa na macho mekundu mimi mwenyewe. Hakuna mtoto aliyekuwa akitumwa kumchotea maji, alijichotea. Nami sikumwendea kumwambia chochote, na alikufa.

Haya si ya zamani tu. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma za uchawi. Waliowaua hawakuwa wametoka kusoma riwaya za vijana.

Kitabu cha binti yako, kama ni cha aina ninayoijua, kinasimulia wasichana walioitwa wachawi kwa kufanya kazi ambayo watu hawakutegemea waifanye, na wakaifanya vizuri. Fanya hivi. Kisome wewe kwanza, sura tano. Ukikuta mna tambiko la kufuata hatua kwa hatua au mambo ya chumbani yasiyofaa umri wake, una sababu, na umweleze waziwazi. Usipokuta, mrudishie, kisha umwulize swali moja mkiwa mnakunywa chai: ni nani katika kitabu hiki anayewaita hawa wasichana wachawi, na anapata nini kwa kuwaita hivyo? Akikujibu vizuri, utajua hajapoteza wakati. Na umshukuru mama yake.

Mwalimu, natoka Emuhaya. Nina miaka 19, nimemaliza shule, naandika hadithi ya marubani wa kike wanaosaidiwa na mleta mvua. Rafiki yangu anasema nitawavunjia heshima wazee wa Nganyi, ukoo unaojulikana kwa mambo ya mvua. Ni kweli?

Inategemea utawafanyia nini. Wazee wa Nganyi huko Bunyore wanasoma miti inapopukutisha na kuchipua, mienendo ya mchwa, ndege wanaokuja na kuondoka, na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wamekaa nao chini kulinganisha utabiri. Ukimchora mzee mwenye meno meusi anayebwabwaja mbele ya chungu, umewavunjia heshima, na zaidi ya hapo umeandika ukurasa unaochosha. Wewe uko karibu nao kuliko mimi. Nenda, na sukari mkononi, uketi, uulize, usirekodi bila ruhusa. Yale watakayokuambia usiyaandike, usiyaandike. Kisha badilisha jina la ukoo katika hadithi.

Wazo lenyewe nalipenda kuliko lile la wasichana wanaotoa moto viganjani, ambalo limenichosha. Kwa rubani wa ndege isiyo na paa, wingu ni maficho na ukungu ni kaburi, na tofauti ya viwili hivyo ni mita chache. Mpe mleta mvua wako kazi hiyo: awafunike wakienda, awafungulie wakirudi. Na mvua isitoke hewani bure. Huku kwetu kila mtu anajua anayeweza kuleta mvua anaweza pia kuizuia. Wingu lililokaa siku 20 juu ya uwanja wa vita, ni shamba la nani lililokauka? Liwe la mama yake rubani. Hapo utakuwa na hadithi, na mimi nitakuwa na hamu ya kujua mahindi yale yalikuwaje.

Mwalimu, naishi Njoro. Napenda hadithi za marubani ila sitaki wahusika wangu waue mtu. Inawezekana vitani?

Inawezekana, na ushahidi upo Uingereza. Tarehe 1 Januari 1940 wanawake wanane, wakiongozwa na Pauline Gower, walianza kazi katika shirika la kuhamisha ndege kutoka viwandani kwenda kwa wanajeshi. Mpaka vita vinakwisha walikuwa wameshafika 168. Hawakupiga bomu hata moja. Walirusha ndege bila redio, kwa kutazama reli, mito na makanisa chini, na mawingu ya nchi ile mnayasikia sifa zake. Wengine walikufa. Amy Johnson, aliyekuwa ameshasifiwa dunia nzima kwa kuruka peke yake hadi Australia mwaka 1930, alipotelea penye mlango wa mto Thames Januari 1941 akiwa kazini huko.

Kitu nitakachokupa wewe, bure, ni hiki. Rubani wa shirika lile angeweza kuamka asubuhi akapewa aina ya ndege ambayo hajawahi kuigusa. Mfukoni alikuwa na kijitabu cha kadi ndogo zilizofungwa pamoja, kila kadi ndege moja: mwendo wa kupaa, mwendo wa kutua, swichi ya hatari iko wapi. Anasimama kando ya bawa, anasoma dakika chache, anapanda, anaruka. Mimi nilipojua hilo nilisema basi, hiki ndicho kitabu cha uganga, na hakuna haja ya kubuni kingine. Fikiria kadi moja imepotea. Au kadi moja imeandikwa kwa mwandiko usiojulikana, ya ndege ambayo haijatengenezwa bado.

Na kwa vile uko Njoro: Beryl Markham alikulia hapo hapo kwenu, katika shamba la farasi la baba yake, akizungumza Kiswahili na Kinandi na watoto wenzake. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, upande ule mgumu wa kupingana na upepo, akatua kwa pua kwenye matope ya Nova Scotia, Kanada, baada ya saa 21 hivi. Shamba lile lilikuwa la nani kabla ya baba yake kulipata, hilo nalo ni swali zuri la hadithi, na wazee wa pande hizo wana majibu. Ukitaka rubani wa leo, soma habari za Irene Koki Mutungi, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuwa nahodha wa Boeing 787.

Wewe wa Manyatta, nitumie sura ya kwanza. Andika kwa mkono, ruka mstari mmoja kila mara ili nipate pa kusahihishia, na usinitumie ile yenye theluji.